Nilimwambia Aende Nyumbani Akaoge

Juzi jirani yangu, binti aliyejifungua mwezi uliopita, aliweka debe la maji motoni nyuma ya nyumba yao, akatia sabuni ya mche na nepi za mtoto, akaziacha zichemke. Mvuke ulipita juu ya ukuta ukaja hadi barazani kwangu, nami nilikuwa nachambua mchele. Mkono ukasimama. Ninyi wa rika langu mtakumbuka kwamba zamani zetu bendeji ya hospitali haikutupwa. Ilifuliwa, ikachemshwa, ikaanikwa, ikakunjwa, ikarudi kwenye kidonda cha mtu mwingine. Harufu ile ya pamba inayochemka na sabuni, na chini yake harufu nyingine ambayo sabuni haikuweza kuiondoa, ndiyo harufu ya mwaka nilioacha kuwa mtoto. Niliingia ndani nikafunga dirisha, na joto lote lile. Yule binti akadhani moshi umenikera, akaja kuniomba radhi. Nikamwambia si moshi, mwanangu, endelea na kazi yako.

Tulikuwa tukikaa Likoni, karibu na barabara inayoteremka kwenda feri. Baba alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto wa mtaa mzima walisomeshwa Kurani kwenye mikeka ya ukumbini kwetu. Mama alikuwa akishona kofia. Mimi ndiye mkubwa wa watoto wao, na ndiye mtoto wa kike wa kwanza katika ukoo wetu kufika darasa la nane na kufanya mtihani. Ulikuwa wakati ule ambao wanaume kila baraza walibishana habari ya bendera: itashuka lini, na itakayopanda itakuwa ya nani. Mimi sikuwa na habari na bendera. Nilitaka kuwa nesi.

Sikutaka kwa sababu ya huruma, nisiwadanganye. Siku moja nilikuwa nimekwenda kumwangalia shangazi yangu aliyelazwa. Chumba kilijaa watu wazima, kila mmoja na lake la kusema. Akaingia nesi mmoja mwembamba, viatu vyake havina kishindo. Wote wakanyamaza. Hata ami yangu mkubwa, ambaye hakuwahi kumnyamazia mwanamke yeyote, alinyamaza akamtazama kinywani, akingoja atasema nini. Nesi akasema, "Homa imeshuka," akatoka. Nikaona dunia nzima haina kitu kikubwa kuliko hicho: kuwa mtu ambaye akiingia chumbani watu wazima hunyamaza na kumngojea neno.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya wamishonari, wodi mbili na chumba cha dawa, juu kidogo ya barabara. Haipo tena, na jina lake silitaji. Msimamizi alikuwa Mzungu mrefu tuliyemwita Sista tu. Alikuwa amekaa pwani miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa safi, ila alikizungumza kama mtu anayesoma kitabu. Nilipokwenda kumwomba barua ya kunitambulisha chuo cha unesi, alinitazama mikono kabla ya uso.

"Siandiki barua kwa msichana ambaye sijaona mikono yake ikifanya kazi," akasema. "Shule imefungwa. Njoo kila siku mpaka majibu ya mtihani yatoke. Hakuna mshahara. Ukichoka, usirudi, wala usinieleze."

Nyumbani ikawa vita.

"Mwanangu mimi akaoshe watu wasiomhusu?" Baba akasema. "Wanaume wazima?"

"Nitakuwa wodi ya wanawake na watoto, Baba."

"Na wenyewe wenye hospitali ni Wakristo."

Mama alikuwa na kofia mapajani, sindano mdomoni. Akaitoa sindano. "Mwalimu, huyu nduguye mdogo alipozibwa na kifua, wewe ulimkimbiza kwa nani? Si kwa Mzungu huyo huyo? Ulimuuliza dini yake?"

Baadaye Baba akatoa masharti: niwe nyumbani kabla ya magharibi, nisiguse mwanamume, na nisile chochote huko. Nikakubali yote matatu kwa pumzi moja.

Kazi niliyopewa haikuwa ya viatu visivyo na kishindo. Nilimwaga vyombo vya choo. Nilisugua sakafu kwa dawa iliyochubua vidole. Nilikoleza moto chini ya debe la bendeji, nikazikoroga kwa mti kama mtu anayepika ugali wa harusi, nikazianika, nikazikunja. Aliyenisimamia alikuwa Nesi Damari, mama wa makamo kutoka Rabai, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti nzito. Hakunifundisha mengi kwa maneno. Nikikosea alinitoa chombo mkononi, akafanya mwenyewe, akanirudishia. Wagonjwa walinikaribisha kwa sababu nilikuwa mtoto wa nyumbani. Wazee waliniita "mwanangu," nami nikiitwa niliitika "abee" nikaja mbio. Baada ya wiki mbili nilianza kutembea kama Nesi Damari, polepole, mikono nyuma. Kichwani tayari nilikuwa nesi.

Katika wodi yetu kulikuwa na kiwambo cha kitambaa cha kijani, kimefungwa kwenye fremu ya chuma yenye magurudumu. Wiki ya kwanza nilikiona kimezungushwa kwenye kitanda cha bibi mmoja wa Mtongwe aliyekuwa amevunjika nyonga. Manesi waliingia na maji ya moto, wakamwogesha, wakambadilisha nguo, wakamchana nywele. Kesho yake wanawe walikuja wakamchukua kwa machela, anacheka, anatuombea dua sote. Wiki iliyofuata kiwambo kilizungushwa kwa mwanamke mwingine, Mgiriama aliyekuwa na homa. Nilipofika asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka mpya.

"Yule mama yuko wapi?" nilimuuliza Nesi Damari.

"Ameshakwenda," akasema, na akaendelea kuhesabu vidonge.

Ameshakwenda. Basi nikafurahi. Nikajua, kwa hakika ile ambayo mtu huwa nayo akiwa na miaka kumi na minne tu, kwamba kiwambo ni cha wale wanaokaribia kurudi kwao. Anazungushiwa, anaogeshwa, anapambwa, anakwenda. Hakuna aliyeniambia hivyo, wala hakuna aliyeniambia vingine. Sikuuliza, kwa sababu mtu anayetaka kuonekana anajua haulizi.

Bakari aliletwa siku ya Ijumaa, amebebwa mgongoni na babake na amefungwa kwa shuka iliyoloweshwa maji. Alikuwa wa miaka saba hivi. Mamake alikuwa akikaanga mahamri ya asubuhi, na Bakari akikimbizana na mbuzi uani, akajikwaa kwenye jiwe la meko. Karai la mafuta likammwagikia kuanzia shingoni hadi mapajani, upande wa kulia. Alipofika alikuwa halii. Alitetemeka tu, meno yakigongana, kama mtoto aliyetoka kuogelea. Kilio kilikuja baadaye, siku ya kubadilisha bendeji, na wodi nzima ilijifunika masikio.

Babake alikuwa na kazi bandarini na aliruhusiwa siku mbili tu. Mamake ndiye aliyebaki. Tulimwita Mama Bakari, na hadi leo sijui jina lake jingine. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kijana bado, na alikuwa ameacha kitoto cha kunyonya kwa mama mkwe wake kule Mtongwe. Maziwa yalimjaa yakalowesha leso, naye akawa anakwenda nyuma ya wodi kuyakamua chini, akirudi macho mekundu. Hakutoka pale hospitali siku kumi. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mwanawe, kitanda cha sita. Alikula alicholetewa na wagonjwa wengine. Nguo aliyokuja nayo ilikuwa bado na matone ya mafuta yale yale.

"Mama Bakari, enda ukajipumzishe," wanawake walimwambia. "Mtoto ana manesi."

"Nikitoka atafungua mato anikose," alijibu. "Na kule naenda kuambiwa nini? Mama mkwe amekwishasema. Asema nimemuunguza mjukuu wake kwa uzembe."

Mimi na Bakari tulizoeana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima, na alipenda niuoshe kwa sabuni kisha nimpulizie povu. Mijusi iliyokuwa darini aliipa majina ya ami zake. Aliponiona naingia alinipa habari: Ami Saidi ameanguka, Ami Omari amekula mdudu, Ami Mbwana yuko pale pale tangu jana, mvivu. Alikuwa amepakwa dawa ya zambarau karibu mwili wote, na aliniuliza kama rangi ile itatoka kabla hajarudi kwa wenziwe, wasimcheke. Nikamwambia itatoka. Kila alichoniuliza nilimjibu. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku zile.

Siku ya tisa harufu ya vidonda ilibadilika. Niliisikia kwenye debe la bendeji kabla sijaisikia kitandani, lakini sikujua maana yake. Siku ya kumi Bakari alisema maneno mengi kwa mkupuo, anaita mbuzi, anamgombeza. Usiku huo, walisema, alichemka kama chungu.

Siku ya kumi na moja nilipofika asubuhi, alikuwa ametulia.

Mama Bakari alinipokea mlangoni, uso wake umefunguka. "Ndoo umtazame," akanivuta mkono. "Halii. Wamembadilisha bendeji alfajiri na hakulia. Hata kukunja uso hakukunja. Alhamdulillahi, maumivu yamemwacha."

Nikamtazama. Kweli alikuwa kimya. Macho nusu yamefumba, midomo mikavu, pumzi fupi fupi. Nilimgusa mkono wa kushoto, nikaona ni wa baridi, nikafurahi zaidi, maana homa iliyomsumbua imeshuka. Nilikumbuka yule nesi wa shangazi yangu. Homa imeshuka.

Saa tatu Sista akapita na Nesi Damari. Walisimama kitanda cha sita kwa muda. Sista alimfunua, akamfunika, akazungumza chini kwa chini kwa Kiingereza. Kisha akaniona nimesimama na ndoo, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabu, "Kesho kitanda hiki kitakuwa wazi. Uandae shuka safi." Nesi Damari akaenda pembeni, akakisukuma kiwambo cha kijani, magurudumu yakilia, akakizungusha. Wakaondoka wakaenda wodi ya wanaume, ambako palikuwa na mtu aliyeletwa kutoka feri akivuja damu.

Mama Bakari alikuwa ametolewa nje wakati wa mzunguko, kama ilivyokuwa desturi. Nikamkuta kwenye ngazi ya nyuma.

"Wamesemaje?" akaniuliza.

Aliniangalia kinywani. Wanawake wengine wawili waliokuwa wakipika hapo nje nao wakanyamaza, wakageuka, wakaniangalia kinywani. Sitaki kuificha ladha ya dakika ile. Ilikuwa tamu.

"Kesho kitanda kitakuwa wazi," nikasema. "Sista mwenyewe amesema. Na wamemzungushia kiwambo. Huwazungushia wale wanaokwenda nyumbani."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akafunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika. Wale wanawake wakampongeza. Mmoja akapiga kigelegele kidogo, mwenziwe akamziba mdomo, wakacheka.

"Sasa mama," nikaendelea, nikiwa nimeshapanda mahali pa juu na sitaki kushuka, "si wende nyumbani ukaoge, ubadilishe hiyo nguo? Kesho utamchukua mtoto ukiwa hivyo? Enda ukamnyonyeshe mdogo wake. Mimi nitakaa naye."

Akanitazama. "Utakaa naye?"

"Nitakaa naye."

"Akifungua mato, mwambie mamake yuwaja sasa hivi. Mwambie nimekwenda kumpikia wali wa nazi."

Alichungulia kiwambo, akambusu Bakari kwenye paji la uso, akatoka. Nilimwona akiteremka njia ya mchanga. Alikuwa anatembea upesi, na kabla hajafika kwenye kona nilimsikia ameanza kuimba.

Nesi Damari alirudi karibu na saa sita. Aliingia ndani ya kiwambo, akanikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda na kipande cha kitambaa, namlowesha Bakari midomo. Akatazama mkekani.

"Mamake yuko wapi?"

"Amekwenda Mtongwe kuoga."

"Leo? Nani amempa ruhusa leo?"

"Mimi nilimwambia. Kwa sababu kesho anakwenda nyumbani."

"Nani anakwenda nyumbani?"

"Bakari. Sista alisema kitanda kitakuwa wazi. Na kiwambo..."

Nesi Damari alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona uso wake unabadilika, hasira inakuja, halafu inakwenda, kinabaki kitu kingine kibaya zaidi kuliko hasira. Akaniinamia.

"Mtoto wewe," akasema polepole. "Huyu anakufa."

Nilitaka kusimama. Akanikandamiza bega kwa kiganja.

"Kaa. Umesema utakaa naye, kaa naye. Mshike mkono ule mzima. Usimwachie hata ukitaka kukojoa. Na usilie, atakusikia."

Akatoka mbio. Nilimsikia nje akimwita mtu wa bustani, mzee aliyekuwa na baiskeli, akimwelekeza Mtongwe, nyumba ya fulani, upesi, upesi. Nilisikia mnyororo wa baiskeli ukilia hadi ukapotea.

Basi nikakaa ndani ya kitambaa kile cha kijani. Jua lilikipenya na kila kitu kikawa na rangi ya maji ya bwawa: shuka, mikono yangu, uso wake. Nje watu waliendelea. Vijiko viligonga sahani. Mtoto wa kitanda cha pili alikuwa anadai embe. Mimi nilikuwa nimeshika vidole vitano vidogo, na nilivihesabu, nikavihesabu tena.

Baada ya adhuhuri alifungua macho. Hakunitazama mimi, alitazama mkekani, upande ambao mamake hukaa.

"Mama," akasema.

"Yuwaja," nikasema. "Amekwenda kukupikia wali wa nazi."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Muda ukapita, sijui ni mwingi kiasi gani, akasema tena, safari hii kama mtu anayeuliza swali la kawaida tu, "Mama?"

"Yuwaja, Bakari. Yuko njiani."

Hakuzungumza tena. Pumzi zilikuwa zinakuja, kisha zinapumzika, kisha zinakuja. Nikawa navuta pumzi pamoja naye, nikimngoja pale anaponingojesha. Ikafika moja ambayo nilingoja, nikangoja, hadi kifua changu mwenyewe kikauma, nikalazimika kuvuta yangu peke yangu. Mwadhini alikuwa bado hajaadhini alasiri. Nesi Damari aliingia, akaweka vidole vyake shingoni mwa mtoto, akamfumba macho vizuri. Ilibidi anifungue vidole vyangu kimoja kimoja.

Yule mzee wa baiskeli alipita barabara kubwa. Mama Bakari alirudi kwa njia ya mkato, katikati ya mashamba ya mihogo, ndiyo maana wakapishana. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya kitanda cha tano na cha sita alipoingia wodini. Alikuwa ameoga. Nywele amesuka mistari miwili ya haraka, amevaa leso mpya, na amebeba bakuli lililofunikwa kwa kawa. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayechelewa karamu. Alipoona kiwambo kingali pale pale, alitabasamu. Mimi ndiye niliyemfundisha kutabasamu kwa kiwambo kile.

Nesi Damari alimpokea njiani, akamshika mabega yote mawili. Sikusikia alichomwambia. Bakuli halikuanguka. Mama Bakari aliliweka chini taratibu sana, akaitengeneza kawa yake, ndipo akaingia ndani ya kiwambo. Sauti iliyotoka humo sitaieleza. Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma nikakimbia hadi nyumbani, nikaingia chini ya kitanda cha mama yangu kama mtoto wa miaka mitano.

Bakari alizikwa Mtongwe asubuhi iliyofuata. Baba alikwenda maziko, maana alimjua babu wa mtoto, na aliporudi alisema tu, "Kaburi dogo huchimbwa upesi," akatawadha akasali. Sikurudi hospitali siku ile wala zilizofuata. Nilisema naumwa, na kweli nilikuwa naumwa, chakula kilinirudia. Nyumbani walidhani ni kuona maiti kwa mara ya kwanza. Mama alinifukizia ubani. Nesi Damari hakuja kunishtaki. Kumbe hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Sista. Na hilo ndilo lililonitesa, kwa sababu nilingoja kila siku mtu aje mlangoni kunisema, na hakuna aliyekuja.

Siku moja Mama alikuwa ananisuka, nikamwambia yote. Mikono yake ilisimama kichwani mwangu. Nilingoja aniambie kuwa mimi ni mtoto, sikujua, ajali ilikuwa imeandikwa. Hakusema hivyo.

"Yule mama anajua ya kwamba wewe hukutumwa na mtu kumwambia vile?" akaniuliza.

"Hajui. Anadhani Sista alisema atapona."

"Basi anawalaumu wasiokuwa na kosa. Na labda anajilaumu mwenyewe kwa kuwa alisikia vibaya." Akamaliza ule msuko, akaufunga ncha. "Arobaini ikipita tutakwenda."

Tulikwenda kwa miguu. Mama hakunishika mkono, lakini alitembea karibu yangu. Nyumba ilikuwa ya makuti, ua umefagiwa, meko yamehamishiwa nje kabisa ya ua, mawe yake matatu bado mapya. Mama Bakari alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kitoto chake kimelala kwenye mkeka.

"Hodi."

"Karibuni."

"Shikamoo," nikasema. Alikuwa ananizidi miaka kumi tu labda.

"Marahaba." Akanitambua. Akaendelea kukuna.

Mama akakaa pembeni. Alikuwa ameniambia njiani kwamba hatanisaidia hata neno moja. Nikapiga magoti mbele ya ile nazi nikasema. Nilisema kwamba Sista hakusema atapona. Kwamba alisema kitanda kitakuwa wazi, na mimi ndiye niliyejitafsiria. Kwamba kiwambo mimi ndiye niliyekipa maana yake. Kwamba nilimwambia aende nyumbani kwa kichwa changu mwenyewe, kwa sababu alinitazama akangojea neno, nami nikapenda kuwa na neno.

Kifuu kilikuwa kimekwisha nyama na yeye alikuwa bado anakuna, chuma kinakwaruza gamba. Ndipo akaacha.

"Aliniita?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kofi, hata kwa msamaha. Kwa swali hilo sikuwa nimejiandaa. Nilijua kwamba naweza kusema hapana. Nilimwangalia mama yangu. Alikuwa anatazama chini.

"Alikuita," nikasema. "Mara mbili."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mamake yuwaja. Nikamwambia amekwenda kumpikia wali wa nazi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu. Kitoto kikajigeuza mkekani. Akakitazama, kisha akasema, si kwangu, kwa ile nazi iliyokunwa kwenye chano, "Na mimi nalikuwa njiani naimba."

Kuku alipita. Mama Bakari akafuta mikono yake kwenye leso.

"Umefanya vyema kuja," akasema. "Sasa enda. Na usije tena hapa. Si kwa ubaya. Nikikuona nitasikia anavyoniita."

Tuliporudi, karibu na kwetu Mama alinunua miwa miwili, akanipa mmoja, na nilipoanza kuula ndipo nilipolia.

Wiki ile ile nilirudi hospitali. Sista hakuuliza nilikokuwa; alikuwa amesema nisimweleze. Nesi Damari alinipa ndoo. Lakini tangu siku hiyo, kila alipofanya jambo, alisema kwa sauti kwa nini analifanya, na nami nikajifunza kuuliza, hata mbele ya watu, hata kitu cha kijinga. Majibu ya mtihani yalipotoka, Sista aliandika barua yake. Nilipoingia chuo cha unesi bendera ilikuwa imeshabadilishwa. Nilivaa sare nyeupe zaidi ya miaka thelathini, na viatu vyangu havikuwa na kishindo.

Wengi niliowauguzia watu wao wamenilalamikia. Walisema mimi ni mkavu, sina neno la kufariji, hata uwe umepiga magoti. Mkubwa wangu mmoja aliwahi kuniita ofisini kwa sababu hiyo. Waliingia watu wazima wakanyamaza, wakaniangalia kinywani, wakauliza kama mgonjwa wao atapona. Niliwaambia kwamba sijui. Kisha nikawavutia kiti hadi ubavuni pa kitanda, nikawaambia wakae naye.